Bila Karatasi Hupigwi Picha

4 Machi

Dada yangu,

Nimefukuzwa hospitali. Usishtuke, sijafa, na wala sikumtukana mtu, ingawa nilitamani.

Nakuandikia kwa anwani ya shule kwa sababu simu yako siku hizi ina mwenyewe. Nikipiga anapokea Mama, nikiomba kuongea nawe anaweka sauti kubwa, na haya ninayotaka kusema hayafai kupita masikioni mwake kwanza. Ukimaliza kusoma, barua ibaki hapo ofisini kwenye droo ya madaftari.

Nilikwambia nahema nikipanda ngazi. Nilikudanganya. Nahema hata kwenye tambarare. Sokoni nikibeba sanduku la mawe ya kukagulia mizani, kilo ishirini tu, nalitua mara tatu kabla sijaufikia mzani wa kwanza, na wafanyabiashara wananicheka: "Gramu leo kazidiwa na kilo!" Daktari wa moyo anasema ile operesheni ya utotoni ilifanya kazi yake: tundu liliziba na njia ya damu ya kwenda mapafuni ilipanuliwa. Ila valvu ya pale inavuja, pengine imevuja miaka yote hii thelathini na mitatu, na chemba ya kulia ya moyo inatanuka kwa kupokea tena damu iliyokwisha kuisukuma. Ikitanuka kupita kiasi, hata nikiwekewa valvu mpya haitarudi ilivyokuwa. Kwa hiyo kila kitu kinategemea imetanuka kiasi gani.

Na kiasi gani, hakuna anayejua! Walinipima kwa ultrasound wakaandika "inakadiriwa". Dada, mimi nimewafungia watu maduka kwa sababu ya kukadiria. Daktari mwenyewe alikiri kwamba chemba hiyo imejibana nyuma ya mfupa wa kifua, umbo lake limepinda, na kwa mtu mzima aliyepasuliwa akiwa mtoto ultrasound haiioni yote. Kinachoipima sawasawa ni MRI ya moyo, ile mashine ya sumaku kubwa inayopiga picha za ndani ya mwili. Na daktari anayejua kuzisoma picha za mioyo kama yangu huja hapa mara moja kila miezi mitatu.

Leo ndiyo ilikuwa siku yake. Kwenye fomu wameuliza: una chuma chochote mwilini? Nikaandika hapana, maana Mama alisema nilishonwa kwa uzi. Mpiga picha alipoona kovu langu akanipeleka kwanza eksirei ya kifua. Nyaya za kufungia mfupa zipo, hizo wanazijua na haziwatishi. Lakini karibu na moyo kuna waya uliokunjika na kitu kama kifungo kidogo. Akaniuliza ni nini. Nikasema sijui. Papo hapo wakakagua mkoba wangu mlangoni wakakuta jiwe la chuma la kilo moja nililosahau kulirudisha kazini. Akanionyesha sumaku ilipo, akaniambia jiwe lile lingeruka hadi kule na kumvunja mtu taya. Toka hapo hakuna nililosema likaaminika.

Wanataka karatasi ya operesheni, inayoeleza ni nini kiliachwa ndani. Nafasi nyingine ni Juni. Muulize Mama, kwa upole. Na wewe mwenyewe ulikuwepo wodini, nakumbuka manesi wakikuita asubuhi kabla ya dawa. Huenda unamkumbuka hata daktari.

Mdogo wako,
Gramu

19 Machi

Mdogo wangu,

Kwanza nikugombeze. Unahema kwenye tambarare halafu unanidanganya mimi niliyekuwa nikikungoja njiani ulipochuchumaa kila hatua ishirini? Nilikuwa nasimama na mikoba yote miwili mpaka rangi ya midomo yako irudi. Ukinificha tena nitakuja hapo mjini nikuchape, na utu uzima wako huo.

Nimemuuliza Mama. Nilingoja ashibe, nikamsifia mboga zake za bustanini, nikaliingiza swali kwa mlango wa nyuma. Akasema karatasi zililiwa na panya. Kisha akainuka kwenda kufagia uwanja aliokwisha kuufagia. Kesho yake nikamuuliza kama anamkumbuka daktari. Akasema, "Mtoto amepona, mnataka kufukua nini?" Nikamwambia mtoto hajapona, mtoto anahema. Hakusema nami mpaka Jumapili.

Panya wa nyumba hii wanapenda sana karatasi za hospitali. Hata mimi nilipoanza shule kadi yangu ya kliniki haikuonekana, nikaambiwa hivyo hivyo.

Tena umekosea jambo moja. Mimi sikuwepo wodini. Ulipolazwa niliachwa kwa shangazi siku ishirini na moja, na nililia zote. Huenda manesi walikuwa wanamwita mtoto mwingine.

Dada yako

27 Machi

Kwa Mkaguzi wa Mizani,

Tumeiandikia hospitali uliyosema ulifanyiwa operesheni. Wamejibu kwamba katika kumbukumbu zao hakuna mgonjwa mwenye jina lako, si katika mwaka uliotaja, wala mwaka mmoja kabla au baada yake.

Bila kujua kifaa kilichomo kifuani siwezi kukuingiza kwenye mashine. Kama ni waya uliobaki kutoka kwenye kifaa cha kudumu cha kusukuma mapigo, unaweza kupata moto ukakuunguza moyo. Inawezekana kabisa si hivyo. Lakini "inawezekana" si jibu ninaloweza kulitia sahihi, na nadhani mtu wa kazi yako ananielewa.

Mpiga Picha Mkuu,
Chumba cha MRI

2 Aprili

Dada,

Soma hiyo barua niliyoambatanisha. Sikuwahi kulazwa! Hili kovu kutoka shingoni hadi tumboni nililipata kwa kujikuna.

Na mpiga picha ananielewesha kwa kazi yangu mwenyewe. Nimekasirika kwa sababu ana haki. Mfanyabiashara akiniambia "mzani huu uko sawa, niamini", mimi huufunga.

Jana mapigo yalinienda mbio nikiwa nimesimama tu, nikishika kalamu. Nilikaa kwenye gunia la mtu mpaka yakatulia. Bosi amenihamishia ofisini nipige mihuri kwenye vyeti, kazi ambayo hata kiti kingeifanya.

Kuhusu wodi, sikukosea. Nilikuwa na miaka minne lakini jina lako nalijua. Nesi mnene alikuwa akija na trei, analiita jina lako, na Mama ananisukuma mgongoni kidogo. Nilidhani uko kitanda cha nyuma yangu. Miaka yote nimekuwa nikijipa moyo kwamba hatukuwa mbali.

Usimuulize tena Mama. Nenda mwenyewe kwenye hiyo hospitali.

Gramu

11 Mei

Mdogo wangu,

Nimekaa na kalamu hii tangu asubuhi.

Nilikwenda wakati wa likizo. Mtunza mafaili ni bwana mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta, mvivu wa kusema lakini si mvivu wa kutafuta. Tulikutafuta kwa jina lako, kwa jina la baba, hata kwa jina la ukoo lililoandikwa vibaya. Hakuna. Nikakumbuka barua yako. Nesi analiita jina langu, Mama anakusukuma wewe mgongoni. Nikamwambia bwana yule, hebu nitafute mimi. Akanitazama juu ya miwani. "Wewe ulilazwa lini?" Nikasema sijawahi. Akasema, "Basi tutaanzia hapo."

Lipo. Jina langu, tarehe yangu ya kuzaliwa, namba ya kadi yangu ya kliniki ile iliyoliwa na panya. Msichana, miaka sita, moyo wa kuzaliwa na kasoro, rangi ya bluu, huchuchumaa akitembea. Kuna mchoro wa moyo kwa kalamu nyekundu, na maelezo ya operesheni kurasa tatu. Kadi ya masharti ya wakati ule bado imebanwa ndani: madaktari wageni walikuwa wakipokea watoto wa miaka sita na kuendelea tu. Mimi nilikuwa na sita. Wewe ulikuwa na minne na ulikuwa unakufa.

Mdogo wangu, siku ishirini na moja uliitikia jina langu.

Kitu cha mwisho kwenye faili kinaniuma kuliko vyote. Ni ukurasa wa kurudi kliniki. Kila mwaka, kwa miaka tisa, mtu amegonga muhuri ule ule: HAKURUDI. Walikuwa wakikungoja. Sisi tulikuwa tunaambiwa umepona.

Faili hawatoi ila kwa mwenyewe. Na mwenyewe, kwa karatasi zao, ni mimi! Nikatia sahihi, nikapewa nakala mbili. Moja nimeituma moja kwa moja kwa mpiga picha, pamoja na barua ya kumweleza. Kuhusu kile kifungo, imeandikwa ni klipu mbili ndogo, na waya ni ule wa muda wa kusaidia mapigo, uliokatwa kwenye ngozi na kuachwa. Hakuna mashine yoyote iliyobaki ndani.

Mama nilimwekea nakala ya pili mezani. Amejifungia chumbani, leo siku ya pili, na anachukua uji mlangoni nikishaondoka. Nimempigia kelele mama yangu mzazi. Sijivunii, lakini sijutii vya kutosha.

Dada yako

3 Juni

Kwa Mkaguzi wa Mizani,

Nimepokea nakala. Ni maelezo mazuri sana ya operesheni, ya mtu mwingine.

Nakuomba usiichane barua hii kabla hujaimaliza. Mimi nakuamini, na waya wa muda uliokatwa hivyo hauna hatari ndani ya mashine. Nyaya za kwenye mchoro zinafanana na zilizo kwenye eksirei yako. Nililipeleka jambo hili kwa mkuu wangu, tukabishana mpaka watu wakafunga milango yao. Yeye anasema kufanana si ushahidi, na kwamba nikikuingiza kwa faili lenye jina na umri usio wako, kisha likatokea la kutokea, itakuwa nimemuunguza mtu kwa karatasi ya dada yake.

Anakubali jambo moja: tamko lililoandikwa na mzazi aliyetia sahihi ya ruhusa siku ile, akieleza kilichotokea, tulinganishe sahihi na sahihi. Daktari anayesoma picha ameondoka jana. Atarudi katikati ya Septemba.

Mpiga Picha Mkuu,
Chumba cha MRI

5 Juni

Dada,

Septemba! Barua ya mpiga picha nimeiambatanisha; chemba yangu haisubiri kalenda ya mtu.

Mwambie Mama hivi, na umsomee neno kwa neno. Juzi nilianguka ofisini, sekunde chache tu, nikaamka na wino wa muhuri shavuni. Wenzangu walicheka kwanza, kisha wakaacha. Mwambie sitaki kumshtaki, sitaki aombe radhi, sitaki hata maelezo. Nataka ukurasa mmoja na sahihi yake. Kama alikuwa na ujasiri wa kuwadanganya madaktari wa watu, akose ujasiri wa kuwaambia kweli?

Akikataa, basi awe tayari kusema nilikufa kwa ugonjwa gani, maana nilishapona.

Gramu

14 Julai

Mdogo wangu,

Nilimsomea. Mstari wa mwisho niliuruka, kisha nikaona nami nimeanza kuficha, nikaurudia. Akaziba masikio.

Anaogopa, na mimi nilidhani ni kiburi. Anaamini akiandika watamfunga, kwa kudanganya, kwa kumnyima nafasi mtoto mwingine wa miaka sita. Hilo la mtoto mwingine ndilo linalomla. Alinitajia mwenyewe: palikuwa na mama mmoja kwenye foleni nyuma yake, na mtoto amefungwa shuka la njano, na nafasi ziliisha. Miaka thelathini na mitatu analijua lile shuka.

Na sasa nikiri langu. Wiki iliyopita niliandika hilo tamko mimi. Mwandiko wa Mama naujua, sahihi yake nimeiga tangu nilipokuwa naletewa ripoti mbaya za shule. Nikalikunja, nikalitia kwenye bahasha, nikatembea mpaka posta. Pale dirishani nikajiona: mtu mwingine wa nyumba yetu, mbele ya karani mwingine, na karatasi nyingine ya uongo kwa ajili yako. Nikaichana. Nilirudi nyumbani nikiwa nimechukia kila kitu, hata wewe kidogo.

Nimemwambia Mama nilichofanya. Jana ameomba daftari lenye mistari na kalamu isiyovuja.

Dada yako

20 Agosti

Kwa mkubwa wa mashine ya picha,

Mimi si mtu wa kuandika. Mwanangu mwalimu alitaka nimtajie yeye aandike, nikakataa, asije akasingiziwa.

Mgonjwa wako ni mwanangu wa pili. Alipokuwa na miaka minne midomo yake ilikuwa na rangi ya wino. Madaktari wageni walisema mtoto awe na miaka sita. Nesi aliponiuliza jina nilitoa kadi ya dada yake. Akasema mbona mdogo hivi, nikamwambia ugonjwa ndio umemdumaza. Hilo lilikuwa kweli, basi nikaona na mengine yatapita. Nilimfundisha mtoto aitikie jina la dada yake. Akisahau nilimsukuma mgongoni.

Waliniambia nimrudishe kila mwaka. Mwaka wa kwanza nilifika mpaka getini. Nikaona askari anasoma kadi za watu. Nikadhani wamegundua, nikageuka naye. Mwaka wa pili sikufika hata getini. Baadaye alikuwa anakimbia na wenzake, nikasema amepona, na nikalisema mara nyingi mpaka nami nikaliamini.

Aliyedanganya ni mimi. Hawa watoto hawakujua. Kama kuna kufungwa nifungwe mimi, lakini baada ya picha. Sahihi yangu ni hii, nimeandika kama siku ile.

Mama yao

16 Septemba

Dada,

Nimepigwa!

Mpiga picha alikuja na tamko la Mama mkononi, sahihi ya leo juu ya sahihi ya zamani. Akasema, "Herufi ya kwanza inatetemeka zaidi, lakini mkono ni ule ule." Kisha akanikagua mkoba mara mbili.

Unalazwa chali, wanakubandika nyaya za mapigo, wanakuwekea kitu kama ngao kifuani, wanakuziba masikio, halafu unaingizwa kwenye bomba. Kelele yake ni ya mtu anayegonga bati na mwenzake anayetoboa ukuta, hawaelewani. Katikati inakuja sauti ya mpiga picha: "Vuta pumzi. Toa. Zuia." Unazuia huku kifua kitupu, wanapiga kipande kimoja cha moyo, unaachiwa. Kisha kipande kingine. Mtu mwenye mapafu yake hufanya hivyo dakika arobaini. Mimi kipande cha nne kilinishinda. Nikavuta pumzi mapema, picha ikaharibika. Tukarudia, ikaharibika. Mapigo nayo yakaanza kuruka, na mashine inayafuata mapigo, ikapotea.

Nikalia humo ndani, kwa hasira tu. Miezi sita nimegombana na dunia nzima nifike kwenye bomba hili, kisha mwili wangu mwenyewe ndio unanigomea.

Mpiga picha akasimamisha. Akaingia, akaniambia hatuna haraka, ameshamwambia mgonjwa anayefuata aende akanywe chai. Akafupisha vipande, sekunde saba saba badala ya kumi na tano. Tulichukua saa moja na nusu. Kila "zuia" nilihesabu kwa sauti ya moyoni, na kila mara nilimaliza saba yangu, na pale mashine ilipoomba nane nikaongeza moja.

Majibu wiki mbili. Kwenye lebo ya picha nimeona jina langu, mwaka wangu wa kuzaliwa. Nilimwomba anionyeshe tena.

Gramu

30 Septemba

Shikamoo Mama,

Hii nimekuandikia wewe, si Dada. Asikusomee, isome mwenyewe.

Majibu yametoka na safari hii hakuna kukadiria. Chemba ya kulia inabeba mililita mia moja sitini na nane kwa kila mita ya mraba ya mwili wangu. Daktari angependa kunipata kabla ya mia na sitini. Valvu itabadilishwa, chemba itapungua, nitapanda ngazi tena, sokoni pengine nitarudi. Lakini hakuniahidi kwamba itarudi ilivyopaswa kuwa. Nilimuuliza kama ningekuja mapema ingekuwaje. Akasema ningekuja miaka kumi iliyopita tungekuwa na mazungumzo mafupi.

Nina hasira nawe, Mama. Nilitaka ziishe kabla sijaandika, zimekataa. Ile mihuri tisa naiona nikifumba macho. Najua vilevile kwamba bila kadi ya Dada mngenizika nikiwa na miaka minne, na kwamba umemkumbuka yule mtoto wa shuka la njano kila siku, ukiwa peke yako. Kulijua hilo hakujaniondolea hasira. Kumenifanya nikose tu pa kuzipeleka.

Mpiga picha aliulizia habari yako. Hakuna mtu anayekuja kukufunga. Tamko lako wameliweka ndani ya faili langu, ukurasa wa kwanza.

Nalazwa tarehe kumi na tisa Oktoba, operesheni ni tarehe ishirini na moja. Njoo. Nataka uwepo, hasira na yote. Dada atakufikisha, lakini mapokezi nataka uende wewe. Getini pana askari, usigeuke, huwauliza watu wanakwenda wodi gani, basi. Ndani kuna dirisha, na karani atakuuliza jina la mgonjwa.

Taja langu.

Mwanao wa pili